Mstari Nilioruka Kwenye Kitabu cha Pikipiki

Mshauri wangu wa gazetini, shikamoo.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki ninayekaa naye dawati moja, na hata sasa nimeweka daftari la jiografia karibu ili mtu akiingia niifunike karatasi hii, basi nakuomba unijibu upesi kwa sababu ikifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa nimemfanya mzee wa watu aonekane mwongo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaifufua pikipiki ya marehemu babu, ambayo ilikaa stoo miaka kumi na minne na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti chake. Mjomba anajua kufungua na kufunga kila kitu, ila kitabu cha matengenezo kimeandikwa kwa Kiingereza na Kiingereza cha mjomba kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo kazi yangu nikitoka shule ni kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsomea. Yeye anauliza, "Mama, kitabu kinasemaje?" nami nasoma kimoyomoyo halafu namwambia kwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa haya sana mshauri, darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe siisikii, lakini pale kwenye ndoo nikisema legeza, mjomba analegeza, nikisema kaza, anakaza, na hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu mzima ananisikiliza hivyo.

Sasa mjomba ana rafiki yake tangu wakiwa na umri wangu, fundi wa redio na feni, mtaa mzima unamwita Mzee Waya. Huyo ndiye aliyeisuka upya koili ya pikipiki, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, siku tatu nzima anahesabu mizunguko ya waya, na ukimsalimia katikati ya hesabu anakufukuza. Siku aliyoileta, mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusafisha platini, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke, na ilikuwa mara ya kwanza mjomba kunipa spana badala ya kitabu. Nikasugua kwa msasa laini, nikapangusa, nikafika kwenye skrubu moja yenye kiduara chembamba cha kahawia, kimechakaa, kama kadibodi iliyokatwa na mtoto kwa meno, nikasema hiki nacho kimefuata nini huku, nikakitoa, nikaweka wosha ya chuma inayong'aa kwa sababu nilitaka pawe pazuri. Pakawa pazuri kweli. Mjomba akamwita Mzee Waya, "Njoo uone mikono ya daktari!"

Wakafunga koili, wakachomoa plagi na kuilaza juu ya injini, mjomba akapiga kiki. Hakuna cheche. Akapiga mpaka shati likaloa.

"Koili yako imelala," mjomba akasema.

"Koili yangu ilirusha cheche mezani kwangu mpaka paka akakimbia. Tafuta kwingine."

"Kwingine wapi? Kwingine kote kumesafishwa na huyu mtoto, umeona mwenyewe. Au umenisukia nyuzi za redio mbovu?"

Mzee Waya akaokota kofia yake. "Umri wote huu leo unaniita mwizi wa nyuzi? Haya bwana, piga kiki mpaka mguu ung'oke."

Akaondoka, na hajarudi mpaka leo, wiki ya tatu hii. Asubuhi wakipishana njiani mjomba anausalimia ukuta.

Lakini kosa langu kubwa si hilo mshauri. Kesho yake mjomba aliniuliza kitabu kinasemaje kama cheche hakuna, nikafungua ukurasa, na mstari wa kwanza ulisema hakikisha kile kiduara kisichopitisha umeme kipo kwenye skrubu ya platini, maana kikikosekana au kikiwekwa cha chuma umeme wote unakimbilia kwenye mwili wa injini na plagi haipati kitu. Masikio yakawaka moto. Mstari wa pili ulisema kagua koili. Mimi nikaruka wa kwanza nikamsomea wa pili. Mjomba akajipiga kofi gotini, akasema, "Si nilisema! Hata kitabu kinamjua!"

Kiduara nilikitafuta kwenye kopo la skrubu nikakipata, kipo ndani ya mkebe wangu wa hesabu pamoja na bikari. Mjomba ameagiza koili mpya, inakuja hiyo Jumamosi. Nikikirudisha kimyakimya kabla ya siku hiyo, koili mpya itatoa cheche, pikipiki itanguruma, hakuna atakayejua kosa langu, ila Mzee Waya atabaki mwongo mpaka mwisho. Nisipokirudisha, hata koili mpya haitatoa cheche, na hapo mjomba amesema ataiuza pikipiki kwa watu wa vyuma chakavu na wimbo wa kwaheri ataimba mwenyewe. Na nikisema ukweli nitashuka kwenye ile ndoo na sitapanda tena. Nimejaribu kusema mara nne, mara ya nne nilifungua mdomo kabisa halafu nikamuuliza kama anataka maji. Nifanye nini, maana kila nikimwona Mzee Waya dirishani kwake ana miwani yake anachomea redio peke yake natamani ni

anakuja mtu, ni viatu vya mjomba, naf

*

Binti wa ndoo,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya dole gumba la grisi, kwa hiyo najua uliificha kwa mikono ileile ya daktari. Pole. Na sasa keti sawasawa nikuseme.

Kuweka wosha ya chuma si dhambi. Nilimsomea fundi wa mashine hapa ofisini ile sehemu ya "nilitaka pawe pazuri," akacheka mpaka akavua miwani, akasema alishawahi kufanya hivyohivyo kwenye pikipiki ya mkwewe. Kwa hilo huna kesi. Kesi yako ni ule mstari. Mtu amekukabidhi macho yake, mwanangu, nawe ukayafumba pale ulipopenda. Mjomba wako hakumtukana rafiki yake kwa sababu ni mjinga. Siku ya kwanza ulikuwa ni ubishi wa mafundi wawili wenye jasho, na ubishi huo ungeisha kwa chai. Kesho yake ndipo ukageuka kuwa hukumu, kwa sababu uliiwekea muhuri wa kitabu.

Unaogopa kushushwa kwenye ndoo. Huenda ukashushwa, sitakudanganya. Huenda mjomba akafoka, akatupa spana, akakunyima maneno siku mbili. Wewe ni mtu wa haya, siku mbili za kimya si utazifurahia?

Hila yako ya kukirudisha kimyakimya ifute kabisa. Ni hila nzuri, ndiyo maana inanitisha. Pikipiki itapona, nawe utapanda nyuma ya mjomba, mtapita mbele ya lile dirisha mkipiga honi. Hebu jione hapo.

Basi fanya hivi, tena usingoje Jumamosi, fanya leo gazeti likiwa bado mkononi. Hotuba huiwezi, usijaribu, utaishia kumuuliza tena kama anataka maji. Kusoma unaweza. Kaa unapokaa, fungua ukurasa uleule, usingoje akuulize, soma mstari wa kwanza wote kwa Kiswahili, kisha mpe kiduara mkononi na useme maneno mawili tu, "Nilikitoa mimi." Halafu nyamaza. Kunyamaza unakujua. Akikuuliza tangu lini unajua, mwambie tangu lini. Usipunguze hata siku moja.

Akimaliza kufoka, kirudisheni mahali pake pamoja, na mfunge koili ileile ya Mzee Waya. Hiyo mpya ikija ikae kwenye boksi lake. Msijaribu cheche. Najua mikono itawawasha, lakini msijaribu. Nendeni kwanza mpaka kwenye mlango wa yule mzee, na asitangulie mjomba kuomba radhi, tangulia wewe, hata kwa ile sauti usiyoisikia mwenyewe. Yeye amezoea kusikiliza redio mbovu, atakusikia.

Kisha mrudi naye kwenye pikipiki, mlaze plagi juu ya injini, na kiki ya kwanza apige yeye.