Asubuhi Manowari Ilipokuchukua

Stara Luka,
Dalmatia.
9 Desemba 1981

Mpendwa mdogo wangu Jerko,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe, Doreen na watoto, na kwamba joto la huko, ambalo unasema mwezi huu linapasua ardhi, halijawashinda. Kifua chako kinaendeleaje? Usiache dawa kwa sababu umeamka vizuri siku moja. Baba yetu alikuwa hivyo hivyo. Akipata nafuu kidogo tu, huyoo, amerudi shambani kubeba mawe.

Sisi tupo. Mume wangu Frane mgongo unamsumbua tangu tulipochuma zeituni, anatembea ameinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mimi sina ugonjwa wenye jina. Nimechoka tu, Jerko. Nikiketi sitaki kuinuka, nikilala usingizi hauji. Nevenka, mwanangu, anasema ni huzuni. Labda. Mimi nadhani ni ile miaka ya kumgeuza Mama kitandani, kumwosha na kumlisha, na sasa mikono imekosa kazi haijui itulie wapi.

Mama tulimzika vizuri. Mvua ilitusubiri mpaka tukatoka makaburini. Padri alisema machache, maana alijua marehemu hakuwa mtu wa maneno mengi. Usijilaumu kwa kutofika. Kwa umbali wa kutoka Fremantle mpaka hapa, hata maiti ya mfalme isingekungoja. Jina lako lilitajwa kanisani pamoja na langu, na watu wakageuka kunitazama mimi, kana kwamba wewe umesimama nyuma yangu.

Mafuta ya mwaka huu ni machache lakini makali, yanakwaruza koo kama inavyotakiwa. Akipatikana mtu wa kubeba nitakutumia kopo.

Sasa nije kwenye barua yako. Unaniuliza mambo mawili. La kwanza, huo ukuta wa kijivu unaouota tangu utotoni, mrefu usio na mwisho, umeloa maji, nawe umeushika kwa kiganja. La pili umelizungukazunguka kurasa mbili nzima ndipo ukalisema: kwa nini Mama alikutoa wewe akabaki na mimi. Unasema kila ulipomuuliza mama mdogo Vinka, aliinuka akaenda jikoni. Huyo ndiye Vinka niliyemjua. Sasa Vinka hayupo na Mama hayupo, nimebaki mimi. Nitakueleza mara hii moja, tafadhali usiniulize tena.

Ule si ukuta. Ni ubavu wa manowari.

Ilikuwa Januari, mwaka wa arobaini na nne. Baba alikuwa ameshauawa milimani pamoja na wapiganaji wenzake. Wajerumani walikuwa wameshika kisiwa cha ng'ambo, tukiona moshi wake kila tulipochungulia dirishani. Mbuzi wetu wa mwisho tulikuwa tumemla. Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, mimi wa miaka kumi na mmoja, wewe wa mitatu, na bibi Kata, mama yake Baba, aliyepooza upande mmoja. Wewe ulikuwa umejua kutembea kisha ukaacha. Tumbo lilikuwa kama ngoma, miguu kama vijiti, na ulikuwa umeacha hata kulia, jambo lililomtia Mama hofu kuliko yote.

Asubuhi ile watu walipiga mbio kupanda mlimani na mafurushi, wakisema Wajerumani wameingia ghubani. Mama akakufunga mgongoni mwangu akaniambia niwafuate. Yeye angebaki na Bibi. Nilifika kwenye ukuta wa mawe wa shamba letu la mizabibu, nikageuka nitazame ni nini kilichotufukuza.

Sikuwahi kuona manowari. Babu alinisimulia habari zake, nami nikazichora kichwani zikiwa na matanga na taa za dhahabu. Hii ilikuwa ya kijivu, rangi ya bahari siku ya upepo wa kaskazini, na ilipoingia, ghuba yetu ikawa ndogo kama beseni. Mlingoti wake ulipita mnara wa kanisa kwa urefu. Mizinga ilielekea mlimani, kwetu. Sitakudanganya, Jerko, niliiona nzuri. Niliiogopa, na bado sikutaka kuacha kuitazama.

Halafu nikaona nguo. Kati ya mzinga na mzinga walikuwa wamefunga kamba, wakaanika soksi na suruali za ndani. Hapo nikasema moyoni, hawa hawajaja kutuua leo. Anayetaka kuua haaniki soksi kwanza. Nikaanza kuteremka.

Walikuwa Waingereza, na pamoja nao kulikuwa na mpiganaji wetu mmoja wa kutafsiri. Mabaharia wawili walikuwa wamekaa ukingoni wakimenya viazi, maganda yakidondoka majini. Mzee Zane, yule jirani yetu mvuvi, akasukuma mashua yake, akaenda chini ya meli, akaanza kuyachota yale maganda kwa kofia. Wale vijana walicheka. Alipotia ganda moja mdomoni wakaacha kucheka. Mmoja akasimama akaenda ndani, na baada ya muda wakateremsha kikapu cha mikate kwa kamba. Watu waliokimbilia mlimani wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Mpiganaji akapanda juu ya kisima akatangaza. Meli ingechukua wagonjwa na watoto wadogo, kila mtoto na mtu mzima mmoja, iwapeleke Italia wakatibiwe. Wakubwa kama mimi wangesubiri meli nyingine. Nayo isingekaa, kwa sababu ndege za Wajerumani zingeweza kuiona.

Mama alikuja gatini, akakutoa mgongoni mwangu akakupakata. Vinka, mdogo wake, alikuwa nyuma yetu. Alikuwa na miaka ishirini, hajaolewa, amekuja kushangaa kama wengine. Wagonjwa walikuwa wameshapandishwa, na ile mashua kubwa ya meli ilibaki na nafasi. Baharia akanyoosha mkono kumsaidia Mama ashuke. Mama hakuusogelea. Alitazama juu kijijini, dirisha la Bibi lilipokuwa. Akanitazama mimi. Ile meli nyingine hakuna aliyejua itakuja lini, wala kama itakuja.

"Mama, amua," mpiganaji akamwambia. "Jua linapanda."

Mama akageuka, akakuweka mikononi mwa Vinka.

"Dada, mimi nimekuja kutazama tu," Vinka akasema. "Sina hata viatu."

Mama akavua vyake, vile vyeusi alivyoendea kanisani, akamvisha miguuni. Vilikuwa vikubwa. Akavua na sweta akakufunika. Yote hayo aliyafanya upesi, kama mtu anayefunga mzigo kabla ya mvua. Alipomaliza akamwambia Vinka akupe chakula kidogo kidogo, usije ukatapika.

Nilirukia mashuani nami. Hakuna aliyenizuia, nadhani walidhani mimi ni wa Vinka. Tulifika ubavuni mwa meli, na pale juu yetu hakukuwa na mbingu, kulikuwa na chuma tu. Wewe ukatoa mkono ndani ya sweta ukakigusa. Hukulia. Ulikigusa kama unavyomgusa mnyama mkubwa kuona kama atageuka. Kisha mabaharia wakakupokea, wakampokea Vinka na viatu vyake vikubwa, na mmoja akanitazama, akatikisa kichwa kwa upole. Wakanirudisha gatini.

Manowari iliondoka. Mama alirudi nyumbani miguu mitupu, Januari ile, akawasha moto, akaloweka mkate wa Waingereza katika maji moto, akamlisha Bibi. Mimi nilisubiri alie ili nami nipate ruhusa ya kulia. Hakulia, nami sikulia. Meli nyingine haikuja. Bibi alifariki kabla ya Pasaka.

Najua utakachosema: kumbe angengoja wiki chache tu angekuwa huru kwenda nawe. Nami nimeshalisema hilo, miaka mingi, nikiwa peke yangu shambani. Lakini wewe hukuwa na hizo wiki, Jerko. Mtoto wa jirani aliyekuwa na hali kama yako, ambaye mama yake aliogopa kumpandisha, tulimzika mwezi ule ule.

Katika barua umeandika kwamba mimi nilibahatika. Sikukasirika. Ila ujue nimeishi maisha yangu yote nikiwa yule aliyebakiziwa mama, na sikuomba. Nilipoolewa sikuhama kijiji. Alipougua sikuweza kusema nimechoka, kwa sababu palikuwa na mtu Australia ambaye angetoa chochote apate uchovu huo. Basi leo nakwambia wewe: nimechoka.

Unauliza kama alikuwa akikutaja. Mara chache sana. Picha zako zilipofika alizisogeza karibu na mwanga, na ukicheka pichani alisema tu, "Meno mazuri." Basi. Kisha alizirudisha kabatini.

Lipo jambo moja ambalo sijamwambia mtu, nalo ndilo jibu lako.

Mwaka wa arobaini na sita watu walianza kurudi kutoka kambini Misri, kule mlikopelekwa baada ya Italia. Kila boti iliyofika Mama alikuwa gatini, nami pamoja naye. Boti moja ikamleta mzee Zane, ambaye alikuwa ameondoka baadaye kwa njia nyingine. Alisema umepona, umenenepa, unakimbia mchangani huna adabu. Tukacheka. Kisha akasema Vinka amepata mchumba kambini, mtu wetu mwenye ndugu Australia, na wanaondoka. Mtoto anamwita mama. Vinka anauliza: amlete kwanza, au aende naye? Mzee Zane alikuwa na mtu wa kupeleka jibu.

Mwaka ule, mdogo wangu, bado tulikuwa tukichemsha majani ya porini. Nyumba nusu yake haikuwa na paa.

Mama alifikiri kwa muda mfupi sana. Akasema, "Mwambie aende naye. Akae palipo na maziwa."

Nilimvuta sketi mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Mama, usifanye hivyo. Jerko ni wetu."

Hakunikemea. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akanijibu, "Ndiyo maana."

Basi, nimekwambia. Ukitaka kulia lia, mimi nililia siku ile njia nzima mpaka nyumbani, na Mama alinishika mkono bila kuniambia ninyamaze.

Nisalimie sana Doreen, na umwambie ile keki ya matunda ilifika ikiwa nzima. Wabusu Marko na Linda. Frane anakusalimu, Nevenka naye anamsalimu Doreen, mke wa mjomba wake, ingawa hawajuani lugha. Mzee Zane bado yu hai, hasikii vizuri, lakini nilipompigia kelele jina lako alinyoosha vidole viwili juu, sijui maana yake nini, nimepokea kama salamu.

Mungu akulinde katika kazi na njia zako, na Bikira Maria afunike nyumba yako kwa shela yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ukiwa mgongoni mwangu,

Perina