Zambarau Ndani ya Eda

Jumanne, 14 Julai 1964

Bakari mume wangu,

Leo nimeufungua ule mkebe wa rangi uliouleta kutoka kazini Diani, nikapaka ukuta wa chumba chetu. Zambarau iliyoiva kabisa, kama ulivyotaka.

Dadako Mwanasha aliingia akashika kichwa. "Wifi! Mwenye eda hajipambi!"

"Nimepamba ukuta, wifi. Mimi hata wanja sijatia."

Hakunisikia. Alisema kesho analeta chokaa, ukuta wote ufunikwe. Niliogopa, maana rangi hii ndiyo kitu cha mwisho ulichonichagulia. Kisha akaketi mkekani, akaegemea ukuta mbichi, akanieleza adabu za mjane mpaka adhuhuri.

Alipoinuka, mgongo mzima wa leso yake nyeupe ulikuwa zambarau, na barazani wamejaa wanawake waliokuja kunipa pole. Kutoka hawezi. Nilidhani atalia. Akacheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Kaka huyu, hata kufa hajaacha utani! Basi, uache ukuta wake. Niazime leso."

Nimeketi naitazama alama ya mabega yake ukutani. Sitaipaka tena.

Nawe, Bakari, huko uliko, usinisahau.