Kofia Nzima ya Babu Halvor

Kearney, Nebraska
4 Mei 1994

Babu mpenzi,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Bibi kaniambia daktari amekukataza kulenga kabisa, nami nimehuzunika sana. Mimi mzima, ila shavu limevimba.

Limevimbishwa na zawadi yako. Naipenda bunduki hii, Babu: mtutu mrefu, mzito, unafuata kisahani cha udongo kinachorushwa angani taratibu, haurukiruki kama ile fupi ya kuwindia bata. Lakini kitako ni kirefu mno kwangu, na kila nikifyatua kinanizaba kofi. Jumapili nimevunja visahani kumi na kimoja tu kati ya ishirini na tano. Fundi anataka kukata kitako inchi moja na nusu. Nimemwambia heri nikose maisha yangu yote kuliko kutia msumeno kwenye mti ulioushika miaka arobaini. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Dagny

Bemidji, Minnesota
11 Mei 1994

Dagny wa Babu,

Marahaba. Macho ndiyo hayo. Jana nimeamkiana na nguzo ya jirani nikidhani ni mwenyewe. Bibi yako anacheka mpaka leo.

Wewe mtoto una wazimu? Bunduki ndiyo hukatwa imfae mtu, mtu hakatwi. Kile kitako kilipimwa kwa mikono yangu, na mikono yangu ni ya korongo. Kikate. Kisha gandisha shavu hapo, usilibandue mpaka kisahani kimepasuka. Usitazame mtutu, tazama kisahani. Hicho kipande cha mti nitumie.

Nakutumia na kofia yangu. Jua la huko si mchezo.

Babu yako

Kearney
28 Agosti 1994

Babu,

Shikamoo. Natumai wewe na Bibi hamjambo. Nimekaa wiki mbili bila kuandika kwa kuogopa.

Nilivunja vyote ishirini na tano, Babu. Vyote. Na desturi unaijua: mtu akifikisha mara ya kwanza, kofia yake hurushwa juu, wenzake wakaipiga risasi. Kwa furaha nilisahau nimevaa ya nani. Mzee Verlin wa huku uwanjani alininyang'anya, akairusha, bunduki nne zikalia. Nikalia na mimi, mbele ya watu wote.

Haikuwa na tundu hata moja. Nilidhani kofia uliyorushiwa ulipofikisha ishirini na tano iliisha zamani, na hii ni nyingine uliyoitunza. Kwanza nimekukatia kitako, sasa kofia. Iko humu kwenye kifurushi, au kilichobaki. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Dagny

Bemidji
5 Septemba 1994

Dagny wangu,

Marahaba, mara mia. Sisi wazima.

Hakuna cha kusamehe. Kofia ile ilikuwa nzima kwa sababu sikuwahi kufikisha ishirini na tano. Ishirini na nne, mara thelathini na moja; Bibi yako ni shahidi. Kila masika nilikataa kununua kofia mpya, nikisema hii ndiyo itakayorushwa mwaka huu. Miaka arobaini, mwanangu. Macho yalipokwisha nikajua basi tena.

Jumapili nimeivaa kwenda kanisani. Bibi yako kakataza, nimeivaa. Mchungaji kauliza imepatwa na nini, nikamwambia, "Mjukuu wangu kafikisha." Akanishika mkono.

Kile kipande cha kitako nimekiweka dirishani, kofia huwa juu yake. Siwezi kuyahesabu matundu, ila kidole kinaingia. Asante, Dagny. Asante sana.

Babu yako