Halwa ya Kuiva

Fundi Kazungu, ndugu yangu,

Huko uliko natumai ni kimya. Hata sijui kama kimya ni dua ya kumuombea mtu kama wewe, uliyeishi nacho miaka yako ya mwisho bila kukitaka. Basi nakuombea kimya cha kupumzika, si kile cha kibarazani kwako, watu wamekuzunguka wanacheka na hakuna anayekwambia wanacheka nini.

Leo ni Jumapili. Bi Zuhura wangu amekwenda arusini Kibokoni, mjukuu wangu Swabra amelala, nami nimekaa dirishani hapa Bondeni na kalamu. Nakuandikia kwa sababu jambo lililotokea jana siwezi kumwambia mtu mwingine. Wewe ndiwe uliyenitia nyundo mkononi, na ndiwe uliyenilisha halwa.

Kwanza nikupe habari za kazini. Karakana ipo palepale Liwatoni, na kutu haijaisha. Mwezi huu tuna tishali kuukuu la kubebea shehena, limevutwa pakavu, na tunaligonga kutu kwa ndani. Unakumbuka tumbo la tishali lilivyo: chuma kushoto, chuma kulia, chuma juu, na kila pigo la nyundo likitoka haliendi popote, linakurudia wewe.

Na Dama, mwanao, yuko nasi. Tulipomaliza kukuzika kule Kaloleni alikuja karakana na nyundo yako ndani ya kikapu, akasema anataka kazi ya baba yake. Msimamizi alicheka. Alipouona mkono wake wa kuchomelea aliacha kucheka. Ni mkaidi kama wewe, Fundi. Nikimwambia ashike hivi, yeye anashika vile, na ubaya wa mambo ni kwamba vile vyake ndivyo vinavyofaa.

Sasa nije kwenye lililonikaba.

Unaijua desturi yetu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiisimamia. Mgeni akiingia tumboni mwa chombo siku za kwanza, kila nyundo ikilia anafumba macho na kuinua mabega. Tunamcheka. Tunamwita mbichi. Akienda stoo kuchukua vile vifuniko vya masikio vinavyoning'inia msumarini, tunamcheka zaidi, tunamuuliza kama anasikia baridi. Kisha siku moja nyundo zinalia na hapepesi hata ukope. Jumamosi yake inaletwa kahawa na halwa, fundi mkubwa anamega tonge la kwanza, anamtia mgeni mdomoni kwa mkono wake na kumwambia: "Umeiva." Toka hapo ni mmoja wetu. Siku yangu nilirudi nyumbani nikimringia mama yangu kama niliyetoka Maka.

Na masikio yakianza kulia yenyewe kila saa, mlio mwembamba usiokoma? Ulikuwa ukituambia, "Hao ni nyenje wa mafundi, kila fundi anao wake." Nasi tukifurahi kuwa nao!

Wangu wananililia hata sasa ninapoandika.

Ilianza kwa Swabra. Mtoto alikuwa akiitwa hageuki, na sikio lake moja likitoa usaha. Bibi yake akamtia mafuta ya vitunguu saumu yenye vuguvugu, maana ndivyo alivyotiwa yeye na mama yake. Usaha ukazidi. Nikambeba mpaka kliniki. Muuguzi, mama mmoja wa bara mwenye maneno machache, alimtazama ndani ya sikio na kusema ngoma yake imetoboka kwa maradhi, lakini akitibiwa sasa na sikio likiwekwa kavu, kuna matumaini makubwa litapona. Mafuta basi, vijiti basi, na akitoa usaha tena nisingoje. Nikamshukuru. Akaniuliza jambo, nikajibu, "Ana miaka miwili na nusu." Akanitazama. Akauliza tena, akiwa amenielekea uso kwa uso, polepole: "Nimekuuliza, wewe mzee unafanya kazi gani?"

Akanikalisha kwenye kijichumba, akanivika vidude vya masikioni, akaniambia niinue mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa, Fundi. Nilikaa nikingoja aanze. Kumbe alikwishaanza zamani.

Aliniambia sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda: ndege, watoto, wanawake, kengele ya simu. Zile nene zinabaki, ndiyo maana mtu anajidanganya kwamba anasikia. Akaniambia ndani ya sikio kuna vinywele vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kelele kubwa ikivipiga siku baada ya siku vinakufa, na vikishakufa havioti tena. Vya kusaidia vipo, kuna chombo cha kuvaa sikioni, lakini kilichokwenda hakirudi. Nikamuuliza: yule asiyeshtuka tena na nyundo, je? Akasema, "Huyo hajaizoea kelele, mzee. Ameanza kutoisikia."

Nilitoka pale na mjukuu begani nikakaa nje kwenye ngazi. Niliwahesabu niliowaona wakiivishwa, nikaacha. Nilikuwaza wewe na kwaya yako. Wewe mwenye sauti nene iliyokuwa ikitetemesha mabenchi, ukaacha kwenda, na watu wakasema Kazungu siku hizi anajiona. Msimamizi alipogundua kwamba king'ora cha winchi hukisikii alikutoa kazini kabla ya mwisho wa wiki, maana asiyesikia onyo chini ya chuma kinachoning'inia ni maiti anayetembea. Akakwambia nenda kapumzike. Daktari aliandika kuwa umekufa kwa presha. Mimi nasema ulianza kufa siku walipoacha kukuuliza maoni yako.

Sasa unaona nilivyonaswa? Bi Zuhura pekee ndiye aliyeanza kunishuku. Juzi alisimama mbele yangu mikono kiunoni: "Shee, mimi nakuuliza wataka chai ama kahawa, nawe wan'jibu 'ndiyo'. Ndiyo gani?" Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Kazini natazama midomo, natazama miguu ya watu: wakikimbia nami nakimbia. Nikisema kweli, nami nitaambiwa nikapumzike, na kupumzika kwako nilikuona. Nisiposema, kila asubuhi naingia tumboni mwa tishali, na ni kama mtu aliyeingia tangi kisha kifuniko kikafungwa juu yake, naye mwenyewe ndiye aliyekifunga.

Ningeweza kuishi hivyo. Mwoga anaweza kuishi muda mrefu sana. Lakini wiki iliyopita wenzangu walianza kugusana viwiko na kumtazama Dama. Nyundo zilikuwa zikilia pande zote, naye anagonga, hapepesi. Mzee Bakari akanipigia kelele sikioni akichekelea: "Mtoto wa Kazungu ashaiva! Jumamosi, Shee!"

Fundi mkubwa sasa ni mimi. Tonge ni la mkono wangu.

Usidhani sikujaribu njia ya uani. Nilimwita Dama pembeni, nikampa vile vifuniko vya masikio, nikamwambia avae. Alicheka, meno yako yaleyale. "Ami Shee, baba alivaa? Wewe umevaa? Wataka niitwe mbichi mpaka n'olewe?" Alikuwa na haki. Mtoto wa kike amepigania kusimama kati ya wanaume wale, halafu mimi nimwambie avae alama ya ubichi. Mpaka mkubwa akatae kumlisha mbele ya wote na aseme sababu, hakuna atakayevaa. Na sababu ni mimi.

Jana ikafika. Kompresa imezimwa, tumenawa, tumekaa juu ya mbao kivulini mwa tishali. Mzee Bakari amekwenda Mji wa Kale kuitafuta halwa mwenyewe, ile nyeusi yenye lozi. Kahawa ikapitishwa. Msimamizi naye alikuwapo, kikombe mkononi, maana halwa haikosi wageni. Dama alikaa kitako mbele yangu, mgongo umenyooka, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amekivaa kwa ajili ya siku hiyo. Nikamega. Yeye akafungua mdomo kama kinda.

Hapo nikamwona kwa jicho la moyo akiwa kibarazani kama wewe, ameshazeeka, watu wanacheka pembeni yake.

Nikairudisha halwa sahanini. Nikasema, "Mimi sisikii. Nina miaka sisikii, nawatazama midomo. Kazungu naye hakuwa akisikia, na haya tunayoyaita kuiva ndiyo yaliyomfanya. Sisi hatukuiva, jamani. Tuliungua. Mtoto huyu simlishi."

Sikupiga kelele, Fundi. Nilisema kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayezungumza na nduguze walioketi mbele yake.

Hakuna aliyejibu. Nikangoja matusi, nikangoja mtu ainuke. Hakuna. Walikuwa wananitazama, wengine wakitabasamu, vikombe mikononi. Nikadhani wamekasirika kiasi cha kunyamaza. Kisha nikamwona Mzee Bakari akimwinamia jirani yake, nikausoma mdomo wake kama nilivyozoea: "Asema nini?" Jirani akainua mabega. Akamgeukia wa pili. Wa pili akatikisa kichwa, akanyanyua kikombe chake kuelekea kwangu na kuitikia, "Amina!" Wote wakaitikia amina.

Hakuna aliyenisikia. Mafundi wote wale, Fundi, wote waliolishwa halwa.

Waliosikia ni wawili. Msimamizi aliyeweka kikombe chini bila kukimaliza. Na Dama, aliyekuwa ameufumba mdomo wake na kuziba masikio kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Ndiyo hivyo. Kesho ni Jumatatu, na sijui kama nitavushwa lango la karakana. Naogopa, sikufichi. Kuna wakati natamani ningemlisha tu nikanyamaza. Lakini Dama kanitumia ujumbe asubuhi hii kwamba kesho atanipitia, twende kliniki akapimwe kabla ya kazi, na mimi nikaulize habari za kile chombo cha sikioni.

Lala pema, ndugu yangu, mlezi wangu. Nakusamehe, maana hata wewe ulilishwa, nami naomba unisamehe. Mwanao nitamwangalia kama wangu. Na wale wazee nitawaendea, mmoja mmoja, nisogee karibu kabisa, niyarudie yale maneno kwa sauti kubwa hadi wanisikie.

Wako,
Shee