Kichujio Nilichokigeuza

Maabara ya Vimelea,
Ghorofa ya Pili, Chumba namba 14.
9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Zamu za wodini umepunguza, au bado unajifanya msichana? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Najua umewatangazia wauguzi wenzako wote kwamba binti wa kaka yako kapata chanjo ya malaria kwenye kompyuta. Hata mlinzi wa getini hapo hospitalini kwenu, unasema, siku hizi ananiita Daktari. Shangazi, naona aibu.

Kimelea cha malaria kina protini zaidi ya elfu tano. Kazi yangu ni kuzipepeta kwa kompyuta, zibaki chache za kujaribiwa. Zinazofanana na za binadamu hutupwa, maana chanjo yake ingeweza kuufunza mwili ujishambulie wenyewe. Mimi, kwenye mstari mmoja wa maagizo, ndio kichujio chenyewe, niliweka alama kinyume. Zilizofaa nikazitupa, za kutupwa nikazibakiza. Nikapongezwa, nikakimbilia kukuandikia.

Fundi wetu wa maabara, tunayemwita Mama Taratibu, ana miezi minne anahangaika na protini hizo. Mikono imembabuka kwa glavu. Kila akinipita hunitania, "Bibi Kompyuta, hawa watoto wako wana kiburi!" Nami nacheka. Kosa nililigundua wiki tatu zilizopita, Shangazi, na bado nacheka.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeficha.

Barua yako ya mwisho ndiyo iliyonimaliza, uliposema yule mama wa mapacha anauliza kila akija kliniki chanjo yangu inafika lini. Mwambie bado sana. Asiache chandarua, na akichomeke pande zote. Mwambie aliyekosea ni mimi, wewe hukusema uongo.

Mkuu wetu yuko ofisini, mlango wazi, anamenya chungwa. Naipeleka kwanza barua hii posta, ndipo niingie kwake. Nikishakuambia wewe, sina tena pa kujificha.

Nisalimie Babu, na binamu yangu Kidevu. Mungu akupe nafuu ya goti na wagonjwa wasiokusumbua. Na mlinzi wa getini, tafadhali, mwambie aniite kwa jina langu.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Binti wa kaka yako