Nimeifuta 3.8

Jumatatu, 9 Machi 2026

Kama kompyuta zingekuwa na kanisa, mimi Masele wa Pasiansi ningekuwa askofu wao, tena kwa kofia ndefu. Nimeishia Form Two. Projest, mwenzangu wa kazi, ana digrii, Mhaya, miwani mpaka usingizini — na programu yetu kaiandika nani? Mimi! Iko kwenye vituo tisa vya maziwa, inalinda matangi ya baridi. Joto likipanda tu, king'ora.

Ila nimechoka. Python, lugha tunayoandikia programu, inatoa toleo jipya kila mwaka, sisi bado tunabeba toleo la 3.8. Kizee! Kila kitu naandika mara mbili, mara moja kwa matoleo mapya, mara moja kwa huyo bibi. Nikasema Ijumaa tunaikata. Projest akasema hapana, kwanza tujue nani bado anaitumia, halafu tumpe miezi sita ya kujipanga. Miezi sita! Hata posa haichukui miezi sita.

Tukakubaliana. Siku tatu, kila kompyuta initumie yenyewe namba ya toleo lake.

Jumatano, 11 Machi

Radi tangu juzi. Vituo vinane vimeleta namba. Zote mpya! Kituo cha Busisi tu kimya.

Projest anasema mpigie Mama Paskazia wa kituo hicho. Nimpigie vipi? Salamu zake tu, ng'ombe, shangazi, mvua, ndama — salio linakata hajafika kwenye jambo. Kimya maana yake hawatumii. Nimeandika: watumiaji wa 3.8, sifuri.

Ijumaa, 13 Machi

NIMEFUTA. Mistari mia nne na kumi na mbili! Raha kama kunyoa ndevu (ningekuwa nazo). Programu mpya imetoka, kila kompyuta ikiwaka inaichukua yenyewe. Projest kanuna, eti nimehesabu kimya kama jibu. Wivu wa wasomi.

Jumamosi, 14 Machi

Mama Paskazia kapiga. Shikamoo, marahaba, dakika kumi. Kumbe! Radi ikianza yule mama anachomoa kompyuta, anaifunika kanga, kama watu wanavyofanya TV zao. Tangu Jumatatu! Siku zote hizo kakaa mwenyewe kando ya tangi na kipimajoto. Leo jua limetoka, kaiwasha, ikavuta programu yangu mpya, ikajaa maneno mekundu ya hitilafu. Kompyuta yenyewe ya zamani mno, Python ya juu ya 3.8 haiingii kabisa.

Nikamwambia, "Mama, hiyo inunulie mkongojo." Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza kama abaki na kipimajoto chake, maana Mkolani kuna harusi ya binti wa dada yake. Nikamtoa wasiwasi. Nitaenda Jumatatu. Leo kuna mpira.

Jumapili, 15 Machi. Busisi

Mashine ya kupoza ilizimika jana jioni. King'ora hakikulia. Lita mia saba zimechacha. Maziwa ya kaya arobaini!

Nimekuja na pikipiki, daraja lote la ziwani sikulitazama. Nimerudisha mistari yote mia nne na kumi na mbili. Dakika tisa tu! Sasa programu inafanya kazi safi kabisa. Imelia hapo hapo — maziwa yameshaharibika, yenyewe inalia.

Nje wafugaji wamejaa. Mzee Shigela anauliza nani aliliacha tangi. Mama Paskazia, bado na gauni la harusi, anawaambia kwa mara ya tatu kwamba ni yeye, alichomoachomoa kompyuta mpaka akaiharibu.

"Kijana msimguse. Jumapili yote hii kaja kututengenezea."

Projest kanipigia mara nne. Sipokei.

Siyo kuchomoa. Wala siyo 3.8. Jana kabla hajakata simu aliniuliza, "Mwanangu, joto likipanda italia?" Nilijua haitalia. Nikasema italia mama, nenda harusini.