Visanduku Viwili na Dumbaki ya Mzee Haidar

Jumapili, 3 Agosti 2025

Wamekuja wote, kikundi kizima cha taarabu! Sebule imejaa — udi, fidla, kinanda, Bi Zuwena na sauti yake, Mzee Haidar na ngoma yake, dumbaki, mapajani. Wenye tamasha kule Tanga wanataka nyimbo nne kabla ya tarehe kumi na tano. Nilishauri nirekodi mmoja mmoja, Bi Zuwena akakataa katakata. Wao hawajawahi kupiga kwa zamu, hawataanza leo.

Kisanduku changu cha kuunganishia maiki kwenye kompyuta kina matundu manne tu. Nimeazima kingine kwa Mwalimu Yosefu, mwenzangu wa shuleni, cha kwaya yao. Wanne nikawachomeka kwangu, dumbaki peke yake ikaenda kwenye cha Yosefu. Kompyuta imevipokea vyote viwili bila ubishi. Nikajiona fundi kwelikweli.

Nimezima friji, nimezima feni. Kuku wa jirani sikuwa na la kuwafanya. Nafasi yetu ilikuwa kati ya adhana ya adhuhuri na ya alasiri, basi kwa haraka nimebonyeza kurekodi mara moja na sikuzima mpaka mwisho. Nyimbo nne, saa nzima na ushei, mfululizo. Jasho!

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka shule mbio kuja kusikiliza. Wimbo wa kwanza mtamu. Wa pili — kuna kitu. Wa tatu dumbaki iko nyuma. Wa nne aibu tupu, Mzee anawakimbilia wenzake na hawafikii.

Nimerudia mara sita. Amechoka tu. Ana miaka sabini na moja, tulimweka kwenye joto lile bila hata kumpa maji. Nimefagia sebule mara mbili bila sababu.

Jumatano, 6 Agosti

Bi Zuwena kaja, kasikiliza akiwa amesimama. Hakushangaa. Kasema umri umefika, kuna kijana Chalinze anaitwa Najim, mikono yake myepesi, Jumapili aje turudie. Kisha kanitaka mimi nimsikilizishe Mzee, asije akadhani ameonewa.

Nikakubali. Kwa nini nilikubali?

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee kaja saa kumi, kanzu imepigwa pasi. Shikamoo, marahaba, habari za shule. Nimemvalisha hedifoni, nikamwekea wimbo wa nne. Akafumba macho. Vidole vyake vikawa vinagonga meza pole pole, halafu vikaacha.

Alivua hedifoni mwenyewe.

"Ni mimi," kasema. "Nilidhani niko nao."

Hakugombana na mtu. Laiti angegombana! Kashukuru kwa chai, hakuinywa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee ameondoka mjini. Yuko Kiwangwa kwenye shamba lake la mananasi. Dumbaki ameiacha kwa Bi Zuwena, eti kijana aitumie. Miaka arobaini aliyoipiga, na kaitoa kama mtu anayerudisha sufuria ya watu.

Jumapili, 10 Agosti

Najim kaja. Kijana wa watu, ana adabu, anapiga vizuri. Nimefanya vilevile — visanduku viwili, sikuzima mpaka mwisho. Walipoondoka tu nikarukia wimbo wa nne.

Najim amechelewa.

Amechelewa kama Mzee. Nimepima kwenye kompyuta, ni kiasi kilekile! Ana miaka ishirini na minne, wala hakutoa jasho.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeitungua saa ya ukutani. Nikailaza katikati ya maiki mbili, moja ya kisanduku changu, moja ya Yosefu, nikairekodi kwa muda wa saa nzima. Mwanzoni mlio ni mmoja. Mwishoni ni miwili, tak-tak, tak-tak. Nimemuuliza Yosefu kama kwaya iliwahi kuona hivi. Kasema hapana, wao hutumia kisanduku kimoja tu. Halafu akanieleza, kwa upole ule wake wa darasani: kila kisanduku kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Dakika tano huwezi kugundua. Saa nzima utagundua.

Na mimi ndiye mwalimu wa kompyuta!

Kwenye kompyuta nimeivuta sauti ya dumbaki ya Mzee, nikaikaza kidogo kidogo ilingane na muda wa kisanduku changu. Yuko nao mpaka pigo la mwisho. Hakuwahi kuchelewa.

Halafu Bi Zuwena akapiga simu, anataka nyimbo alizopiga Najim. Nikazinyoosha na hizo, nikamtumia. Baada ya muda akarudi kwenye simu anacheka. Kaniuliza kama nimeona tofauti ya kijana na mzee. Nikasema nimeona. Nimesema nimeona! Najichukia.

Jumanne, 12 Agosti

Sijala. Sijafundisha cha maana. Keshokutwa Bi Zuwena anazituma Tanga.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeomba ruhusa shuleni. Niko Kiwangwa, barazani kwa Mzee Haidar, kompyuta mapajani.

Nimemwambia yote bila kuzunguka. Kosa ni langu, vyombo vyangu vilipishana, mikono yake haikuwa na tatizo. Nikamvalisha hedifoni, wimbo wa nne. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huu umeunyoosha wewe?"

Nikasema nimeurudisha ulivyokuwa.

"Na mtu aliyechelewa kweli, ungeweza kumnyoosha hivi?"

Sikutaka kujibu. Nikajibu. Ningeweza.

"Basi mwanangu, mimi nitajuaje?"

Nimemweleza habari ya Najim, ya saa ya ukutani. Anaitikia kwa kichwa kama anayembembeleza mtoto. Kasema nina moyo mzuri, nimesafiri mbali kwa ajili ya kumfariji mzee. Nikaona bora nilie.

Akaondoka, akarudi na ndoo, akaigeuza. Akaniambia niimbe ule wa nne. Sauti yangu haifai, lakini niliimba. Akapiga. Yuko palepale, hakuna ninapomkosa. Katikati akasimama.

"Hapo nimechelewa?"

"Hapana, Mzee."

Tukaanza tena. Hata ubeti haujaisha, kasimama. "Na hapo?" Hapana. Tena. Sasa kila baada ya mapigo mawili matatu ananitazama usoni, na kwa kunitazama huko anaanza kuchelewa kweli.

Bi Zuwena kapiga simu mara tatu. Sijapokea.

Mzee ameingia ndani kuswali alasiri. Kasema nisiondoke, akitoka tuanze upya, na safari hii nimwambie ukweli.